Jirani Asiyekula Muhogo

Tunguu
12 Agosti 1970

Simai kauwa chui! Dada, mwanangu, huyu huyu Simai uliyekuwa ukimwita kijiti cha mswaki, kauwa chui mzima na madoa yake, na ngozi imetandazwa ukutani kwangu hivi nnavyoandika, na watu wanaingia na kutoka kama nnagawa halua.

Sasa ndiyo shikamoo, dada Mize. Nisamehe, furaha imepita mbele ya adabu. Nataraji barua inakukuta mzima, wewe na mwanetu Sichana na jamaa wote wa Nungwi. Sisi hatujambo. Kifua changu kimetulia, na mbuzi yule mweusi kazaa pacha. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kama uonavyo. Darasa la nne nililosoma mie si la kuazima.

Sikiliza basi. Bwana Masoud na wasasi wake wamezunguka msitu wa maweni tangu masika kwa mbwa na nyavu, hawakupata ila nyayo. Nkamwambia Simai, "Hao watazunguka mpaka viatu viishe. Wewe kakae penye mwamba, nyuma ya konde la babu yako. Chui anapita hapo kukipambazuka. Alipita mama yake, akapita bibi yake." Akaniuliza, "Umejuaje, mama?" Nkamwambia, "Kuzaliwa kabla yako kuna faida yake." Basi akenda, na mkuki wa babu yake. Wallahi dada, jua halijapanda nasikia ngoma. Wamemtundika chui kwenye mti, watu wawili mbele wawili nyuma, na Simai katikati yao, kifua wazi, kama bwana harusi. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Unajua walivyokuwa wakiisema nyumba yetu. Sasa waseme. Yule Bi Biasha wa kisimani, aliyekuwa akivuta wanawe nikipita, alikuja mwenyewe, kakaa mkekani kwangu, kanywa kahawa vikombe vitatu. Kwenye familia ya muuwa chui nani atasema wanafuga chui wa uchawi?

Konde lote la baba nimelijaza muhogo, kutoka barabarani mpaka mwambani. Mwakani ukikomaa, nusu nitauza, nusu tutakula, na Simai atamwoa Sichana kama tulivyoahidiana. Itakuwa harusi ambayo watu wa Bububu watajuta kwamba hawatujui. Mwambie Sichana anapata mume mwenye jina.

Mdogo wako, mama yake muuwa chui,
Mwanakheir


Nungwi
20 Septemba 1970

Mdogo wangu Mwanakheir,

Marahaba, na marahaba nyengine kwa barua iliyokuja ikipiga kelele. Anayeandika ni Sichana, mie natamka tu, unajua macho yangu. Hapa sote wazima isipokuwa kuku, wameingiwa na kideri, wamekwisha. Goti langu la kushoto linauma, la kulia linalitazama. Shemegi yako marehemu tulimsomea hitma mwezi uliopita, watu walikuja wengi.

Hongera ya Simai. Mwambie mama yake mkubwa kafurahi kwamba karudi mzima. Chui si mchezo.

Lakini nina neno. (Mama kaniambia nisiliandike, kisha kasema liandike.) Wewe ndiye uliyekuwa ukibeba ungo, mie nilikuwa mwoga. Kila tukichinja, Idd au si Idd, baba akitenga kichwa na matumbo, anakutwisha, unapeleka mwambani. Akisema, "Mpelekeeni jirani fungu lake. Katika majirani wote huyu ndiye asiyekula muhogo." Na sisi tukicheka. Lakini unakumbuka konde la baba liliwahi kufukuliwa na nguruwe? Mie sikumbuki. Makonde ya wenzetu upande wa barabara yalifukuliwa, la kwetu halikuguswa, na ndiyo maana walisema baba anafuga.

Baba hakufuga, Mwanakheir. Baba alikuwa akiishi na jirani yake tu.

Sasa jirani kafa. Nguruwe watamwogopa nani?

Sichana anakusalimu. Anauliza ngozi ina harufu?

Dada yako,
Mize


Tunguu
25 Oktoba 1970

Dada Mize,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, na pole ya kuku. Pole ya goti pia, lichue kwa mafuta ya nazi na mchaichai. Ramadhani inaingia wiki hii, na mchele dukani hauonekani. Foleni ya jana ilianza alfajiri, ikaisha kwa maneno matupu. Ndo nikasema alhamdulillahi, mie nina muhogo.

Ngozi haina harufu. Mwambie Sichana ina harufu ya heshima. Imepelekwa mjini wiki nzima, wakubwa wameitazama, Simai kasimama pembeni yake kavaa shati jeupe nililomfulia kwa buluu. Kapigwa picha. Alipita Darajani, watu wasiomjua wakampa mkono. Yote hayo uliyakosa kwa kukaa kwako ncha ya dunia.

Sasa la mwisho, na nakuomba kama dada yangu. Mambo ya baba usiyaandike tena. Barua inapita mikononi kwa Duni dereva, inalala Darajani kwa watu, inapanda gari jengine. Mie nimeisafisha nyumba hii, usinirudishie vumbi kwa bahasha. Baba alikuwa mkulima na mcha Mungu. Ungo ulikuwa ungo.

Nguruwe wameonekana, ndiyo, wawili watatu, upande wa mwambani. Wageni wapitaji. Simai kaweka ugo wa miiba.

Mwanakheir


Nungwi
11 Januari 1971

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Goti halijambo. Mvua kidogo. Nyumba ya jirani imeezekwa upya. Mtoto wa Mwatum kapata jino. Kama ulivyoagiza, sina jengine la kuandika.

Mize

Mama mdogo, hapa ni mie Sichana, mama kasinzia. Usikasirike naye, na yeye hajakasirika, ila barua yako alitaka nimsomee mara nne. Mwambie Simai nimepata kanga doti mbili, moja nimeiweka. Mwambie pia kwamba sikuuliza ile harufu kwa dharau. Nilitaka tu kujua, nitakaa nayo chumba kimoja.


Tunguu
18 Aprili 1971

Dada yangu Mize,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa muda wote niliokaa kimya. Sichana salamu, kanga ya pili nayo aiweke. Mie mzima. Mbuzi mweusi hajambo, mmoja wa pacha aliibwa. Masika mwaka huu imemwaga maji, barabara ya Tunguu haipitiki, ndo maana barua ilichelewa. Hiyo ni sababu moja.

Nguruwe si wawili tena. Nakuambia kwa sababu utasikia kwa watu. Wanakuja mama na wanawe na wajukuu, wanaingia kondeni kama wanaingia kwao, wanafukua msitari mzima, wanatafuna muhogo nusu na nusu wanautupa. Ukitafunwa nusu unaoza. Na kima wanashuka mchana, wala hawajifichi tena. Zamani kima akishuka chini anaangalia nyuma yake. Siku hizi wanakaa chini kama wazee barazani, wanachuma mahindi machanga, wananitazama. Na paa wanakula majani ya kunde. Nilikuwa sijui kwamba maweni mna wanyama wengi kiasi hiki. Walikuwa wapi, dada?

Simai, kwa akili yake, unajua mwanangu ana akili, kaishusha ngozi ukutani, kaifunga juu ya vijiti vinne katikati ya konde, kichwa kimeelekea mwambani. Wallahi siku za mwanzo hawakukanyaga. Nikasema, chui wa mwanangu anawashinda akiwa hai na akiwa maiti. Kisha nguruwe dume kaja, kainusa, kasimama, kaisukuma kwa pua. Ikaanguka. Sasa wanalala juu yake.

Nilikwenda kwa Bwana Masoud. Nkamwambia, "Chui mlimsaka msimu mzima, sakeni na nguruwe." Akajikuna kichwa. "Bi Mwanakheir, chui ana ngoma. Nguruwe ana nini? Nani atambeba? Nani atakuja kumtazama?" Na kweli, dada, nani? Nyama haramu, ngozi haramu, mbwa wakimgusa wanarudi nyumbani na najisi. Wasasi walitoka mara mbili kwa kunionea haya, wakaacha.

Basi Simai anawasaka peke yake. Analala dunguni juu ya vijiti, anapiga debe. Akimuuwa mmoja anamzika, kisha anakuja kisimani kujitohara, mara saba, moja kwa udongo, na wanawake wanaondoa ndoo zao. Bi Biasha kaanza tena kuvuta wanawe. Safari hii si kwa chui.

Usijali. Muhogo upande wa barabara upo bado. Harusi nimeipangia Ijumaa tarehe nane Oktoba, kabla ya mfungo. Nshawaambia watu wote, Bububu, mjini, mpaka jamaa wa Mangapwani. Waambie na wa huko.

Mwanakheir


Nungwi
22 Juni 1971

Mwanakheir, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa lakini ilisema kweli, na kwa hilo nakushukuru kuliko ngozi na picha. Hapa hatujambo. Mchele hata sisi hatuuoni, tunakula viazi, na Sichana anasema amekuwa mwembamba kama alivyotaka siku zote.

Sikiliza dada yako. Sitaki harusi ya kusimuliwa. Mlete Simai hapa mwezi huu, na shati lile jeupe. Tutasoma Fatiha, kahawa na tende, basi. Wabaki kwetu. Nungwi ina kazi kwa mtu mwenye mikono, wataanza maisha. Konde liache. Nguruwe wale mpaka washibe.

Ulinikataza jambo moja, sijaliandika, na silitaji sasa. Ila nakuambia tu kwamba lile konde halikuwa letu peke yetu, na mwenzetu aliyelilinda hayupo. Wewe na Simai hamtoshi.

Mize

Mama mdogo, watu wa hapa wamesikia, si unajua maneno yana miguu. Wanamwita mtu wa nguruwe. Mwambie mie nitamchotea maji ya kujitohara, hata hiyo mara saba, na udongo nitauchekecha. Mwambie aje.


Tunguu
2 Agosti 1971

Dada Mize,

Shikamoo. Sote wazima. Hali ya hewa nzuri, kipupwe kimeingia. Hamjambo huko?

Ile ya kuja Nungwi nimemsomea Simai. Nilipofika kwenye maneno ya Sichana alichukua barua mkononi mwangu, akasoma mwenyewe, akaikunja akaitia mfukoni. Mpaka leo hajanirudishia. Lakini alisema, "Mama, niende kuoa mikono mitupu, na nyuma huku wakuache na nini?" Ni mwanamume, dada. Nimemlea hivyo mwenyewe. Kasema atamaliza dume yule mkubwa, kisha wengine watatawanyika, kisha atakuja.

Dume kafa. Nakuandikia kwa furaha. Mkubwa kama meza ya kadhi. Simai kamchoma kwa mkuki ule ule wa chui. Hakukuwa na ngoma, nilipiga vigelegele mie peke yangu kondeni.

Kajikwaruza mguu kidogo, pajani, jino la dume lilimpitia. Si kitu. Nimemsafisha kwa maji ya chumvi na majani ya mpera. Kajikwaruza tu. Anatembea.

Tarehe ni ile ile, nane Oktoba.

Mwanakheir


Nungwi
21 Agosti 1971

Mwanakheir,

Gari la huku lilikuwa bovu, barua yako nimeipata leo. Sina salamu.

Umeandika kajikwaruza mara mbili. Mtu aliyejikwaruza haandikwi mara mbili. Jino la nguruwe limeingia kiasi gani? Anatafuna chakula? Anafungua kinywa? Mpeleke mjini hospitali leo hii usomapo, usingoje gari la Duni, omba hata la mchanga. Usione haya ya watu. Wasimpe mkono, wampe gari.

Sichana analia, mwandiko uuwie radhi.

Mize


Tunguu
14 Septemba 1971

Dada yangu mpenzi Mize,

Shikamoo dada. Shikamoo ya magoti mawili. Nataraji barua hii inakukuta salama na afya, wewe na jamaa wote, wakubwa kwa wadogo, wa karibu na wa mbali. Goti lako linaendeleaje? Kuku umefuga wengine? Mtoto wa Mwatum sasa atakuwa anatembea. Nipe habari zake. Hapa kwetu mvua hakuna, kisima kina maji. Mbuzi mweusi nilikuwa naye mpaka majuzi. Kanga zangu nimezifua zote. Nyumba nimeisiliba udongo upande wa mbele, imependeza. Bi Biasha alikuja kunisaidia. Alichota maji mwenyewe bila ya kuambiwa.

Barua yako ya tarehe ishirini na moja ilifika tarehe thelathini.

Dada, watu walijaa. Nataka ujue hilo. Kutoka mlangoni kwangu mpaka makaburini huoni ardhi, kofia tu nyeupe. Jeneza lilikuwa likipita juu ya mikono, halikuwahi kukaa bega moja. Bwana Masoud alibeba. Wasasi wote walibeba. Waliokuwa hawampi mkono walibeba. Imamu kasema hajaona maziko kama yale Tunguu tangu ateremke kutoka Unguja Ukuu, na yeye si mtu wa kusifu. Mwanangu alikuwa na jina mpaka mwisho.

Nilimpeleka mjini. Usiseme sikumpeleka. Nilimpeleka kwa gari la mchanga, kama ulivyosema, kabla hujasema. Lakini meno yalikuwa yameshaumana. Pale hospitali walimtia sindano, wakamlaza chumba chenye kiza kwa sababu mwangaza ulikuwa ukimstua. Walinisemesha kwa upole. Daktari kasema pepopunda, inaingia kwa udongo. Udongo, dada. Ule wa mara ya saba, au wa kondeni, au wa jino la yule dume, Mungu ndiye ajuaye. Kafa Jumapili tarehe ishirini na tisa. Barua ya Sichana ilikuwa mfukoni mwake, nimemwachia ndani ya sanda.

Mwambie Sichana hivyo. Mie siwezi.

Konde halipo. Nguruwe wamefika barabarani. Wakati wa matanga walikuwa wakifukua, watu wamekaa msibani wanawasikia. Hakuna aliyeinuka. Na makonde ya Bwana Masoud na ya Bi Biasha nayo yanaliwa sasa, wanasema mwakani hawalimi, watahamia mjini kwenye majumba ya ghorofa. Mie wataniacha hapa na kima.

Nilichinja mbuzi mweusi siku ya tatu, kwa ajili ya waliokuja. Kichwa na matumbo yalibaki ungoni, na sikujua niyafanye nini, na miguu ikanipeleka mwambani. Sasa nimeandika mwenyewe, uliyekatazwa ni wewe. Nilitua ungo pale pale alipokuwa akituambia baba. Nilirudi sikuangalia nyuma, kama tulivyofunzwa. Asubuhi nikenda kutazama. Nguruwe walikuwa wamekula vyote, na ungo wameukanyaga.

Hakuna wa kumpelekea, dada. Nilikuwa najua njia yake kuliko mtu yeyote, na nilimwonyesha mwanangu.

Hitma ya Simai tutasoma hapa. Nilikuwa na nia ya kuwapikieni harusini mpaka mshangae. Sasa nakuomba, waambie wa huko Nungwi na wa Bububu, kila anayekuja achukue muhogo wake kapuni, hata vipande viwili. Mie sina wa kuwapa.

Mdogo wako,
Mama Simai

Nilikwisha kuifunga bahasha nikakumbuka sikuandika siku ya hitma. Sikuibadilisha, kwa sababu watu wote nilishawaambia na sina nguvu ya kuwaambia mara ya pili. Ni ile ile, Ijumaa tarehe nane Oktoba, baada ya sala. Njooni nyote, na Sichana aje.